Walimuuliza habari za vidole, hawakumuuliza habari za moyo

Filamu ya I, Daniel Blake huanza gizani. Kabla ya picha yoyote kutokea tunasikia sauti mbili, ya mwanamke anayesoma maswali kutoka kwenye fomu na ya mwanamume anayeyajibu. Je, unaweza kutembea zaidi ya mita 50 bila ya kusaidiwa? Je, unaweza kuinua mkono hadi utosini, kama mtu anayevaa kofia? Je, unaweza kubonyeza kitufe, kama kile cha simu? Mwanamume anajibu mwanzo kwa upole, kisha kwa uchovu, kisha kwa hasira, kwa kuwa mikono yake ni mizima, miguu yake ni mizima na vidole vyake havina neno. Kilicho kigonjwa ni moyo, na kila anapoutaja moyo wake anatakiwa ajibu swali lililoulizwa. Fomu ile ina nafasi ya kila kiungo isipokuwa kile kinachotaka kumuua.

Filamu hii iliongozwa na Ken Loach, ikaandikwa na Paul Laverty, ikatoka mwaka 2016, na mwaka huo huo ikapata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Loach alikuwa na umri wa miaka 79, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kuipata. Kisa chenyewe kinatokea Newcastle, mji wa kaskazini mashariki mwa Uingereza wenye baridi na mvua, na mambo yanayosimuliwa ni ya sheria za huko. Mimi naandika nikiwa Lamu. Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara moja, na kila nikiitazama hunirudia fikra moja, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike: ndani yake hakuna mtu muovu anayemwinda Daniel Blake. Hakuna anayempiga, hakuna anayemwibia, na wengi wanaomkatalia humwita bwana. Kinachommaliza ni hatua ndogo ndogo, kila moja ina maelezo yake na kila moja inatimizwa na mtu ambaye jioni atarudi nyumbani akiamini kuwa amefanya kazi yake vizuri.

Daniel ni seremala. Ana miaka 59, ni mjane aliyemuuguza mkewe, Molly, hadi alipofariki, na amefanya kazi ya mbao maisha yake yote. Siku moja akiwa kazini alishikwa na moyo, akakaribia kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na daktari wake akamkataza kurudi kazini mpaka apate nafuu. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa fundi wa namna hii ni mtu gani. Ni mtu mwenye penseli sikioni, anayeweza kukupimia mlango kwa jicho, asiyependa kuomba na asiyependa kukaa bure. Katika filamu tunamwona akichonga samaki wa mbao nyumbani kwake, akirekebisha choo cha rafiki bila ya kuombwa, akifundisha watoto kuhifadhi joto chumbani kwa mshumaa na vyungu vya maua. Mikono yake inazungumza vizuri kuliko karatasi zake. Hapo ndipo pana mtego, kwa sababu serikali ilitaka karatasi.

Nieleze utaratibu wenyewe, maana asiyeuelewa hawezi kuona ukali wa filamu. Uingereza wakati huo ilikuwa na posho mbili zinazohusika hapa: moja ya mgonjwa asiyeweza kufanya kazi, na nyingine ya mzima anayetafuta kazi. Ili kupewa ya kwanza, barua ya daktari haikutosha. Tangu mwaka 2008 mgonjwa alipelekwa kwenye tathmini ya uwezo wa kufanya kazi, iliyofanywa na kampuni ya kibinafsi kwa mkataba wa serikali, na mtathmini alitoa pointi kwa kufuata orodha ya maswali. Mtu alihitaji pointi 15. Daniel alipata 12, kwa hiyo ikaamuliwa kuwa anafaa kufanya kazi. Daktari aliyempima moyo anasema asifanye kazi. Mtathmini ambaye hakuuliza habari za moyo anasema aifanye. Na kisheria neno la mtathmini ndilo lililosimama.

Basi akate rufaa? Ndivyo anavyotaka. Lakini tangu mwaka 2013 mtu hakuweza kwenda moja kwa moja kwenye baraza la rufaa; alipaswa kwanza kuomba uamuzi ufikiriwe upya na ofisi ile ile iliyomkatalia, na muda wa ofisi kujibu haukuwekewa kikomo. Daniel anapiga simu. Anasubiri saa 1 na dakika 48, muda uliozidi mchezo mzima wa mpira, huku simu ikimpigia muziki wa Vivaldi bila ya kukoma. Anapopata mtu wa kuzungumza naye anaambiwa kuwa kuna kosa dogo: barua ya kumkatalia imemfikia kabla ya simu ya mtoa uamuzi, wakati simu ndiyo iliyopaswa kutangulia. Barua anayo mkononi. Anajua tayari kilichoamuliwa. Hata hivyo hawezi kuchukua hatua inayofuata mpaka apigiwe simu ya kuambiwa kile ambacho amekwisha kukisoma.

Na wakati anangojea atakula nini? Anashauriwa aombe posho ya mtafuta kazi, ambayo sharti lake ni kutafuta kazi kwa muda wa saa 35 kila wiki na kuonyesha ushahidi. Mgonjwa huyu sasa anazunguka mjini na wasifu alioandika kwa penseli kwa mkono wake mwenyewe, akibisha kwenye milango ya watu kuomba kazi ambayo akipewa hawezi kuifanya. Mwajiri mmoja anavutiwa na bidii yake, anampigia simu kumpa kazi, na Daniel inambidi aseme ukweli kwamba daktari hajamruhusu. Yule mwajiri anakasirika, anamwona mvivu anayependa pesa za bure. Katika filamu nzima hapana pahali palipoumiza nafsi yangu kama hapo. Mtu mwaminifu, aliyejengwa na kazi, analazimishwa na ofisi kusema uongo wa vitendo mbele ya watu waaminifu wenzake, na aibu inabaki kwake, si kwa ofisi.

Sehemu ya kompyuta watazamaji wengi huicheka, nami sioni la kuchekesha. Fomu zote ziko kwenye intaneti. Daniel anaambiwa apandishe kipanya kwenye skrini, naye anakiinua kipanya chenyewe juu ya kioo cha kompyuta, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha. Anahangaika kwenye maktaba, anasaidiwa na huyu na yule, ukurasa unagoma, muda unakwisha, anaanza upya. Mwishowe kijana jirani yake, wanayemwita China, anamjazia fomu ile kwa dakika chache akiwa nyumbani kwake. Hapa kwetu kila mtaa una China wake. Tangu huduma za serikali kwa maelfu zihamishiwe eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya, kijana wa saiba, yaani duka la intaneti, amekuwa kama karani asiyeajiriwa: ndiye anayemfungulia mzee akaunti, ndiye anayeiweka nywila yake kwenye daftari, ndiye anayejua jina la pili la mama yake mzazi. Tumebahatika kuwa nao vijana hawa, lakini haifai haki ya mzee itegemee kama kijana wa saiba ni mwaminifu, au kama stima ipo siku hiyo.

Kuna mtu wa pili katika kisa hiki, naye ni Katie, mama wa watoto wawili, aliyehamishwa kutoka hosteli ya watu wasio na makao London hadi Newcastle, mji asiomjua mtu, kwa kuwa huko ndiko kulikopatikana nyumba. Siku anapokutana na Daniel amefika ofisini amechelewa dakika chache. Mji ni mgeni, amepotea njia ya basi, na watoto yuko nao. Anaambiwa amekosa miadi, na adhabu yake ni kukatiwa malipo. Daniel anasimama, anamuuliza aliye mbele kwenye foleni kama ataona vibaya mama huyu akitangulia, na yule mtu anasema hapana, atangulie tu. Ni utatuzi wa sekunde kumi, uliopatikana baina ya watu wawili wasiojuana. Ofisi haiukubali. Mlinzi anaitwa, na Daniel, Katie na watoto wanatolewa nje.

Nilipoliona tukio hilo niliwaza juu ya Mkanda. Wasomaji wasiozijua bahari zetu nawaeleza kuwa Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambamo hupita mashua za abiria zinazotoka na kwenda Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Kwa miaka mingi, kabla haujachimbwa, maji yakitoka ulikuwa haupitiki. Chombo kilingoja yajae, au kilizunguka nje penye bahari kuu, jambo ambalo wakati wa kusi si kila nahodha alilithubutu akiwa na akina mama na watoto. Kwa hiyo mama wa Kizingitini aliyeandikiwa kufika ofisini Lamu asubuhi hakuchelewa kwa uzembe. Alichelewa kwa sababu mwezi na bahari vina saa zao, ambazo hubadilika kila siku, na aliyempangia miadi hakutazama kalenda ya maji. Karani mzaliwa wa hapa alilijua hilo, naye alimpokea. Mgeni aliyeletwa kutoka bara karibuni huenda hakulijua, na yule mama, kwa stara yake, hakugombana naye. Alirudi bandarini kuuliza mashua ya kurejea inaondoka lini.

Laverty na Loach walijifunza jambo hili kutoka kwa watu wenyewe. Kabla ya kuandika walikwenda kwenye maghala ya chakula cha msaada na kuzungumza na wanaopokea na wanaogawa. Tukio mashuhuri kuliko yote katika filamu lilipigwa kwenye ghala la kweli, na wanaogawa chakula humo ni watu wanaoifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Katie ameingia na watoto, anaonyeshwa rafu, anawekewa tambi na mboga kwenye mfuko. Kwa siku nyingi amekuwa akiwapa watoto chakula na yeye akisema hana njaa. Mara tunamwona amejificha kidogo kwenye kona, amefungua mkebe wa maharagwe, anamimina kwenye kiganja na kuyala baridi kama yalivyo. Anapotambua alichokifanya anaangua kilio na kuomba radhi. Hayley Squires, aliyeigiza nafasi hiyo, hakulifanya tendo lile kuwa kubwa. Analifanya haraka, kama mwili uliochukua uamuzi kabla ya akili. Yule mama anayegawa chakula hamshangai. Anamkalisha, anamfuta, anamwambia hajafanya kosa lolote. Daniel anamshika na kumwambia hana la kuona haya. Sisi watu wa Pwani tuliolelewa tusiseme tuna njaa mbele ya wageni tunaielewa fedheha ile hadi kwenye mifupa.

Wako watakaosema, na nimeshawasikia wakisema, kwamba haya ni ya Wazungu wasio na jamaa, na kwamba huku kwetu mtu hafi na jirani yupo. Nawaomba waitazame tena filamu. Daniel hakukosa jirani. China anamjali, wenzake wa kazini wanamjali, na Katie na watoto wamekuwa jamaa zake kabisa. Anapojifungia ndani kwa unyonge, bila ya samani kwa kuwa amekwisha kuziuza, ni Daisy, binti wa Katie, anayekuja mlangoni na chakula, na kupitia tundu la barua anamuuliza kama si kweli kwamba aliwasaidia wao, na kama ni kweli, kwa nini yeye asimsaidie. Upendo ulikuwapo tele. Ulimshibisha siku mbili tatu. Haukuweza kumlipia nyumba wala kumrudishia alichokuwa akikidai. Maana Daniel hakuwa akiomba sadaka. Alikatwa michango kwenye mshahara wake maisha yake yote ya kazi ndani ya mfumo uliotokana na ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, iliyowaahidi Waingereza kwamba anayechangia akiwa mzima atasaidiwa akiugua. Alikuwa akidai chake.

Sisi nasi tunayo ahadi yetu iliyoandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kwa njia hiyo ndipo ulipopanuliwa mpango wa Inua Jamii, ambao mwaka 2018 ulianza kuwafikia wazee wote waliotimiza miaka 70, kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Fedha hizo si nyingi, lakini nimeona zinavyobadilisha sauti ya bibi anapomtuma mjukuu dukani, na sitaki mtu yeyote asome makala hii akadhani nazibeza. Kifungu cha 47 ndicho ambacho watu hawakijui, nacho naona ndicho kinachoigusa filamu hii barabara: kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi, kwa mujibu wa sheria na kwa utaratibu wa haki, na kwamba ambaye haki yake inaelekea kudhurika kwa uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Natamani kifungu hicho kibandikwe ukutani kila penye benchi la kungojea.

Kabla ya kuipata hata hiyo haki, lazima uwe na kitambulisho, na hilo lenyewe ni hadithi ndefu. Kwa miaka mingi vijana wa jamii kadhaa za Pwani na za mpakani walipaswa kupita mbele ya kamati za uhakiki, wakiulizwa nasaba za babu na bibi zao, huku wenzao wa sehemu nyingine wakijaza fomu na kwenda zao. Serikali ilitangaza mwaka 2025 kuuondoa utaratibu huo. Wazee waliozeeka wakikingoja kitambulisho hawatarudishiwa miaka yao.

Mjomba wangu ni seremala kama Daniel, wa milango na vitanda vya Kilamu, na kwa sababu hiyo siwezi kuitazama filamu hii kwa utulivu. Alikuwa na haki yake fulani ya uzeeni katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Alipokwenda kuichukua alitakiwa aweke kidole kwenye mashine, na mashine haikukisoma. Wakajaribu cha pili, na cha tatu, mikono yote miwili. Nilivitazama vidole vyake siku hiyo kwa karibu kuliko nilivyowahi kuvitazama: ncha zake zilikuwa laini na zinang'aa kama mbao iliyopigwa msasa, bila ya mstari hata mmoja, maana ndivyo alivyovifanyia kazi, msasa juu ya mvule na msaji tangu utotoni. Aliambiwa apake mafuta. Aliambiwa anawe kwa ndimu. Aliambiwa apumzishe mikono, kisha arudi.

Binti aliyekuwa zamu alikuwa na adabu kamili. Alimwamkia, "Sabalkheri, ami," akampa kiti, akamletea maji. Baba yake anaishi hatua chache kutoka kwenye karakana ya mjomba, na mlango wa nyumba yao umechongwa na vidole vile vile vilivyokataliwa. "Ami, mimi nakujua," alimwambia, "lakini nisipopata alama ya kidole ukurasa unaofuata haufunguki." Sikuwa na la kumlaumu yule binti, wala mjomba hakumlaumu. Alikuwa anasema kweli. Baada ya safari nyingi alitokea karani mwingine, mtu mzima, akasema kuna fomu ya watu ambao alama zao za vidole zimefutika, ambayo hujazwa pamoja na barua ya mzee wa mtaa, na kwamba fomu hiyo ilikuwapo siku zote. Ikajazwa, na jambo likamalizika asubuhi ile ile. Mjomba alishukuru sana. Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, na ninapomwona Daniel Blake akizungushwa kwa lugha laini naitambua hasira ile.

Ndiyo sababu sikubaliani na lawama iliyotolewa filamu ilipotoka. Iain Duncan Smith, ambaye alikuwa waziri aliyesimamia mageuzi hayo ya posho hadi mwaka ule wa 2016, alisema filamu haikuwatendea haki wafanyakazi wa ofisi za ajira. Jeremy Corbyn, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, kwa upande wake, alimshauri waziri mkuu Theresa May bungeni aende akaitazame. Mimi naona filamu imewatendea wafanyakazi wale haki kubwa. Imetuonyesha Ann, mwanamke wa makamo anayejaribu kumsaidia Daniel kwenye kompyuta, na ambaye kwa kosa hilo la kumsaidia anaitwa na mkubwa wake na kukaripiwa, asije akazoesha watu. Daniel anapochoka na kutaka kujiondoa kwenye posho ile, Ann anamsihi asifanye hivyo, kwa kuwa ameshaona watu wema, watu waaminifu, wakiishia barabarani. Imetuonyesha pia yule mwenzake mkali, na hata huyo hakupewa kiburi wala furaha ya kutesa; amepewa sauti tambarare ya mtu aliyesema maneno yale yale mara nyingi mno. Filamu inauliza kwa nini ofisi imemfanya Ann kuwa mkosaji na huyu mwingine kuwa mfanyakazi wa mfano. Swali hilo hawaulizwi wafanyakazi. Wanaulizwa waliozitunga kanuni, na nadhani ndiyo maana mmoja wao alijibu.

Nina jambo moja nisiloliridhia. Katie, baada ya kukamatwa dukani akiwa ameiba taulo za hedhi na vitu vingine vidogo, anaangukia kwenye kuuza mwili, na sehemu hiyo inakwenda haraka mno. Mlinzi wa duka anampa namba ya simu, na baada ya muda mfupi tayari Daniel amemfuata kwenye nyumba ile. Jambo lenyewe si la kubuni, hutokea. Ila filamu iliyokuwa na subira ya kutusikilizisha simu ya Daniel, iliyokaa na Katie na mkebe wa maharagwe mpaka tukaona aibu kumtazama, ilistahili kumpa subira hiyo hiyo katika uamuzi mzito kuliko yote maishani mwake. Ameonekana kama mfano wa jambo, wakati mpaka hapo alikuwa mtu.

Pengine ni kwa sababu Loach amezoea kuachia vitu vidogo viseme. Hupiga picha za tukio kwa mpangilio wa hadithi, kutoka mwanzo hadi mwisho, na waigizaji huipata habari kidogo kidogo, ili wasijue mapema mno litakalowafika. Dave Johns, aliyeigiza Daniel, ni mchekeshaji wa jukwaani, mwenyeji wa Newcastle, na uchekeshaji wake unamfaa hapa, kwa maana mafundi wengi ni watu wa mizaha; mizaha inapoanza kupungua tunajua hali imekuwa mbaya bila ya kuambiwa. Muziki ni haba sana. Kamera husimama mbali kidogo, kama mtu aliyekaa benchi moja na wanaongojea. Baada ya kuiacha posho, Daniel anatoka nje ya ofisi, anatoa kopo la rangi na kuandika ukutani kwa herufi kubwa jina lake na dai lake: apewe tarehe ya rufaa kabla hajafa kwa njaa, na ule muziki wa simu ubadilishwe. Wapita njia wanamshangilia. Polisi wanakuja na kumchukua. Alichodai ni tarehe tu.

Tarehe inakuja. Daniel anafika kwenye baraza la rufaa pamoja na Katie, na mshauri atakayemwakilisha anamwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa amezipata ripoti za daktari wake na za wataalamu wengine waliomhudumia, na amezisoma, na zimekubaliana; rufaa hii atashinda. Daniel anawaona watu watakaoamua maisha yake wamekaa chumba cha pili, anaomba kwenda msalani kunawa uso, na huko moyo wake unasimama. Maneno aliyokusudia kuyasema mbele ya baraza yanasomwa na Katie kwenye mazishi yake, yaliyofanywa saa tatu asubuhi kwa kuwa saa hiyo gharama ni ndogo. Katika maneno hayo anasema yeye ni raia, si zaidi wala si pungufu. Wapo walioona hotuba hiyo imezidi, kwamba filamu ilikuwa imekwisha kuyasema yote bila ya maneno. Mimi naiona ni ya haki, kwa sababu katika filamu nzima huo ndio wakati pekee ambapo Daniel anazungumza mpaka mwisho bila ya kuambiwa ajibu swali lililoulizwa.

Kuhusu rufaa zenyewe, rekodi za Uingereza za miaka hiyo zinaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya rufaa za posho ya ugonjwa zilizosikilizwa na mabaraza ziliamuliwa kwa faida ya mgonjwa. Ripoti alizozisoma mshauri wa Daniel hazikuhitaji uchunguzi mgumu wala sheria mpya. Zilitoka kwa madaktari waliokuwa wakimtibu tangu siku alipougua, na mtathmini wa kwanza, yule wa maswali ya kofia na kitufe cha simu, angeweza kuziomba.